Tope la shabu, jaribio la nne: limeachia maji

Limeachia! Tangu Novemba napambana na tope hili la shabu, ile chumvi ya kutuliza uchafu wa maji, nikiligandisha kwa baridi ya nje ili liachie maji, kwenye roshani yangu hapa Minneapolis, Marekani, na jana jioni nimelimwaga juu ya kitambaa cha pamba, maji yakachuruzika meupe kwa dakika chache tu. Tope hilohilo kabla ya kugandishwa lilikaa juu ya kitambaa usiku kucha, likaziba matundu yote, na asubuhi lilikuwa bado linatetemeka kama uji wa muhogo uliopoa.

Nalitengeneza mwenyewe kwa udongo wa mfinyanzi, shabu na magadi. Barafu ikikua polepole haipokei uchafu. Inausukuma mbele yake mpaka chembe zinabanana, na zikishabanana hazirudi kuwa ute hata barafu ikiyeyuka. Hayo niliyajua tangu mwanzo. Kilichonitesa ni kitovu: kujua kama katikati nako kumeganda.

Jaribio la kwanza, ndoo nzima: juu jiwe, katikati ute. La pili nililiweka kwenye friza, likaganda haraka mno, chembe zikanaswa ndani ya barafu na nikarudishiwa tope lilelile. La tatu ndilo lililoniumiza. Kipimajoto cha kuelekeza, kile cha bastola, kilisoma −11, nikaamini, nikaingiza ndani kuyeyusha. Uji! Kile kinapima uso tu. Tena theluji ilikuwa imeangukia sanduku lenye tope usiku, na theluji ni blanketi. Chini yake tope halikupata baridi ya kutosha.

Sasa natumia kipimajoto cha sindano, cha nyama, cha bei rahisi, na sikibadilishi kwa chochote. Sindano naizamisha kabla halijaganda. Ikisimama kwenye 0, bado kuna maji humo. Maji yanayoganda hayashuki chini ya hapo mpaka tone la mwisho ligeuke barafu. Ikianza kushuka chini ya 0, ndiyo limekwisha. Siku tatu nzima nimekuwa nikitoka na koti kuichungulia ile sindano, na ilipofika −2 nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja mlangoni.

Safari hii nilimwaga tabaka la sentimita 3, nikasubiri ligande lote, nikafagia theluji, nikamwaga la pili, kisha la tatu. Lita 18 kwa jumla. Kilichobaki juu ya kitambaa hakizidi lita 2, chengachenga za kahawia kama kahawa iliyokwisha kuchujwa. Nimezikoroga kwenye maji kwa makusudi: zimezama, hazikulainika.

Nilipanga leo nizikaushe kwenye oveni na kuzipima. Lakini chenga za shabu hunasa fosfati, chakula cha mwani, na tangi la samaki la mwanangu limejaa mwani. Nimekata kitako cha chupa, nikazijaza humo, nikazisuuza mara 5, na tangu asubuhi napitisha humo maji ya tangi niliyoyachota pembeni kwa ndoo. Samaki sijawagusa. Mizani imerudi kabatini.