Balatro: nilivyovuka hatua ya 8 kwa karata za alama moja

Balatro ni mchezo wa kompyuta wa karata unaotumia mikono ya poka, na ndani yake jozi ya K hutoa pointi 60. Una mikono 4 ya kucheza (mkono ni fungu la karata unaloweka mezani kwa mara moja), kwa hiyo jozi nne za namna hiyo ni 240, na mzunguko wa kwanza kabisa wa Balatro unadai 300. Umekufa kabla hujaona duka.

Mchezo huu ulitoka Februari 2024, ukafika kwenye simu Septemba mwaka huo. Ni wa ukoo wa Rogue, mchezo wa kompyuta wa 1980, ila mapango, panga na mazimwi havimo. Kilichobaki ni kiini cha ukoo huo: kila safari bahati inapangwa upya, na ukishindwa unaanza mwanzo. (Hakuna fedha ya kweli inayowekwa, kwa hiyo anayeogopa kamari asihofu.) Adui ni hesabu tu. Kuna hatua 8, kila moja ina mizunguko 3, na kiwango cha msingi hupanda hivi: 300, 800, 2,000, 5,000, 11,000, 20,000, 35,000, 50,000. Mzunguko wa pili hudai mara moja na nusu ya hapo, na wa tatu, wa bosi, kwa kawaida mara mbili.

Nilichagua Flush, yaani karata 5 za alama moja. Inaanza na pointi 35 na kizidisho cha 4. Ukiweka K, Q, 10, 8 na 5, karata zenyewe zinaongeza 43: jumla 78, mara 4, unapata 312. Mzunguko wa kwanza umeisha kwa mkono mmoja. Unashika karata 8 na una nafasi 3 za kutupa, kwa hiyo amua mapema alama ipi unaifuata, kisha tupa nyingine zote hadi 5 kwa mpigo. Kutupa moja moja ni kupoteza nafasi.

Fedha ndiyo iliyonichelewesha kuelewa. Mwisho wa mzunguko unalipwa riba ya dola 1 kwa kila dola 5 ulizobaki nazo, kikomo dola 5. Maana yake lengo ni kufikia 25 na kutoshuka chini yake bila sababu. Ukiwa na 24 unapata 4. Kufika hatua ya 3 ukiwa na 25 ni dola 15 za bure kila hatua. Kinachozila ni kubadilisha bidhaa za duka: mara ya kwanza dola 5, kisha 6, kisha 7. Hatua mbili za mwanzo nilinunua jokari mmoja au wawili (karata maalumu za dukani zinazobadilisha hesabu ya mkono) wa kuongeza kizidisho, basi.

Jokari husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na hapa wengi wanapoteza safari nzima bila kujua. Chukua Gros Michel, anayejumlisha 15 kwenye kizidisho, na The Tribe, anayekizidisha mara 2 ukicheza Flush. Gros Michel akiwa kushoto: 4 + 15 = 19, mara 2 ni 38, mara 78 ni 2,964. Mpindue: 4 mara 2 ni 8, jumlisha 15 ni 23, na unaambulia 1,794. Karata zilezile! Wanaojumlisha wakae kushoto, wanaozidisha kulia.

Gros Michel ni ndizi, na kila mwisho wa mzunguko ana nafasi 1 kati ya 6 ya kuharibika. Usisikitike. Akishaondoka, Cavendish anaweza kutokea dukani, naye anazidisha mara 3.

Kila Jupiter, karata ya sayari ya dola 3 inayokuza aina moja ya mkono, inaipa Flush pointi 15 na kizidisho 2. Nilinunua kila niliyoiona. Ukiwa nazo 6, Flush ina 125 na 16. Ongeza Droll Joker wa kujumlisha 10, The Tribe na Cavendish: 26 mara 6 ni 156, mara 168 (125 na zile 43 za karata) ni 26,208. Mikono 4 ni 104,832, na bosi wa kawaida wa hatua ya 8 anadai 100,000. Violet Vessel yeye anadai 300,000. Kwake hesabu hii haitoshi.

Bosi huonyeshwa tangu mwanzo wa hatua, basi mtazame kabla ya kununua chochote. The Goad hulemaza shupaza: Flush bado inahesabika, ila zile 43 za karata zinapotea. Aliyenunua Jupiter haumii sana, lakini hatua ya 1 bila jokari unabaki na 140 kwa mkono, 560 kwa minne, naye anataka 600. The Eye ni mbaya zaidi kwa mtindo huu, kwa sababu anakataa kurudia aina ya mkono. Kwa ajili yake niliweka Mercury mbili tatu kwenye jozi na jokari mmoja asiyetegemea Flush.

Karata za The World hugeuza hadi karata 3 kuwa shupaza. Shupaza ni 13 tu kati ya 52. Ukifikisha 20, mikono 4 ya Flush mfululizo inawezekana, na bila hivyo ile 104,832 inabaki kwenye karatasi.