Maabara yangu ya mtandao chini ya boriti za mikoko

Swichi zangu tatu, visanduku vya kuunganisha kompyuta kwa kebo, ziliingia Lamu ndani ya gunia la mchele. Nilizinunua Mombasa kwa muuza vifaa vilivyotumika, pamoja na ruta mbili za kampuni ya Cisco aina ya 1841, vifaa vya kupitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, nikaja nazo kwa basi hadi Mokowe, kisha mashua. Pale gatini hamali alizipakia juu ya punda, nami nikatembea kando hadi mtaani kwetu Langoni, mkono juu ya gunia, nikichelea kuta za vichochoro vyetu.

Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco cha ufundi wa mitandao, ule wa namba 200-301: dakika 120, ada dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Miezi miwili ya mwanzo nilisomea Packet Tracer, programu ya bure inayoigiza mtandao ndani ya kompyuta. Asiye na fedha asivunjike moyo, mengi ya mtihani yanasomeka humo. Lakini mimi nilitaka kazi, na mwenye hoteli kule Shela atakuonyesha kisanduku chenye vumbi na waya usiojulikana unakokwenda. Hilo programu haikufundishi.

Kwanza niliweka ruta kwenye zidaka za ukutani, maana ndizo rafu za nyumba zetu tangu zamani. Baada ya saa moja zilikuwa hazigusiki kwa moto, kwani kidaka kimezibwa nyuma na kando, hewa haipiti. Nikahamishia kila kitu kwenye meza msanani, ukumbi ulio mbele ya kiwanda, yaani ua wa ndani, penye upepo. Kebo ya kwenda chumbani kwangu niliipitisha juu ya mlango nikaifuatisha boriti. Kutoboa sikutaka. Mji wetu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na ukuta wa matumbawe na chokaa uliojengwa na wazee si wa kuchezea drili.

Upepo huo huo huleta chumvi. Kila baada ya wiki mbili nasafisha matundu ya kebo kwa spiriti na brashi laini, na vifaa vikizimwa navifunika kwa kanga kuukuu ya mama. Mama mwenyewe alikuwa na sharti moja tu: "Mwanangu, ikifika saa nne usiku zima hizo feni, babako apate kulala."

Ruta moja ilikuja na neno la siri la mwenyewe wa zamani. Niliunganisha kompyuta kwa kebo ya konsoli, ile bapa ya buluu ya kukiamuru kifaa moja kwa moja, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, nikaikatiza ruta ilipokuwa inawaka, nikaiandikia 0x2142. Namba hiyo huiambia ruta isisome mipangilio iliyohifadhiwa. Ikawaka kama mpya, nikafanya kazi jioni nzima, nikahifadhi na kuzima. Asubuhi yake nilipoiwasha nikaikuta tupu. Nilisahau kuirudisha kwenye 0x2102, hivyo kazi yangu ilikuwemo ndani lakini ruta haikuisoma. Niliumia, ila namba hizo mbili sitazisahau tena.

Somo lililonikaa zaidi ni la swichi. Niliziunganisha pembetatu, nikazima kwa makusudi kwenye zote STP, kanuni inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi. Sekunde chache tu, taa zote zikawa zinapepesa pamoja bila kupumzika na konsoli ikaganda. Pakiti ya IP, kifurushi cha data kinachopitishwa na ruta, ina hesabu ya TTL, hupungua kila inapovuka ruta mpaka ikafa. Fremu ya Etherneti, kifurushi kinachopitishwa na swichi, haina hesabu hiyo. Ikiingia kwenye mzunguko huzunguka na kuzaana mpaka mtandao uzame. Nilichomoa kebo moja, kukatulia papo hapo. Ndipo nilipoielewa kazi ya Radia Perlman, mhandisi wa Marekani aliyebuni STP mwaka 1985: kuziba njia moja ili mzunguko usiwepo, na kuifungua pale njia nyingine inapokatika.

Nikairudisha STP, nikaandika "show spanning-tree", nikashangaa. Swichi iliyochaguliwa kuwa kiongozi ilikuwa ile kongwe, aina ya 2950, dhaifu kuliko zote. Zote zilikuwa na kipaumbele kilekile cha 32768, na zikilingana huangaliwa anwani ya MAC, namba ambayo kila kifaa hupewa kiwandani: yenye namba ndogo ndiyo hushika uongozi, na mara nyingi namba ndogo ni ya kifaa cha zamani. Ni kama barazani, mkubwa kwa umri ndiye hupishwa kiti. Lakini hapa heshima hiyo ina gharama. Swichi zangu mbili za 2960 zilikuwa zimeunganishwa kwa gigabiti moja, na njia hiyo ndiyo iliyozibwa. Data kati yao ikawa inapitia kwa mzee, kwa megabiti 100. Niliipa moja ya 2960 kipaumbele cha 4096, uongozi ukahama, njia ya kasi ikafunguka. Swali la namna hiyo nililikuta baadaye kwenye mazoezi nikalijibu bila kuhesabu vidole.

OSPF, kanuni ya ruta kuambizana njia, nayo nilijifunza kwa kuchomoa waya. Ruta zikiunganishwa moja kwa moja, kuchomoa kunajulikana mara moja. Ukiweka swichi katikati, ruta ya pili husubiri sekunde 40 ndipo imkatie tamaa jirani yake.

Siku hizi mpwa wangu wa miaka tisa huja msanani baada ya Alasiri. Juzi nilimpa kebo achomeke. Taa ikawaka rangi ya machungwa, akataka kuichomoa.

"Mjomba, imeharibika."

Kosa hilo nililifanya mimi wiki nzima ya kwanza, nikichomoa na kuchomeka kebo, nikidhani tundu ni bovu kumbe ni zima.

"Hesabu hadi thelathini," nikamwambia, "STP inakagua kwanza kama kuna mzunguko." Akahesabu kwa sauti, uso karibu na swichi, mpaka taa ikageuka kijani.