Mabaharia na kunguru wa Toronto

Jamani mie nna usingizi wa tangu juzi. Jumamosi hii ya Oktoba 2025 nilikaa kitako saa tisa usiku nikaja kuinuka saa mbili asubuhi, kwa mechi moja tu, Seattle Mariners na Detroit Tigers, besiboli ya kawaida ni iningi 9, yaani kila timu inapata zamu 9 za kupiga, hii ilikwenda 15. Kabla ya alfajiri sie Mariners tunaongoza 1-0, nimeswali nimerudi nikakuta tushapinduliwa 2-1, jua linachomoza 2-2, chai imechemka 2-2, watoto wa chuoni wanapita na juzuu zao kwapani bado 2-2, mpaka Jorge Polanco alipoupiga ule mpira na mwenzake Crawford akakimbia mpaka kituo cha nyumbani, ndo pointi hiyo. 3-2. Nilipiga ukelele jirani akaja kuuliza nani kafariki.

Kwa wasionijua, sijawahi kufika Seattle wala sina ndugu huko. Nilinunua kapelo ya mtumba Darajani, ina herufi S na dira nyuma yake, mie kwa ujinga wangu nikadhani S ya Simba. Nikaja kuambiwa ni timu ya Marekani, Mariners, yaani mabaharia. Sasa mtu babu yake alikuwa nahodha wa jahazi la Mkokotoni, we ulitaka afanyeje? Nikaingia mzima mzima. Sikujua kuwa nimepanda chombo ambacho hakijawahi kufika bandarini, maana timu ziko 30 na ni hii peke yake haijawahi kucheza World Series, yaani fainali yenyewe, hata mara moja. Tangu 1977! Mwaka 2001 walishinda mechi 116 kwenye msimu, halafu New York Yankees wakawatoa, na tokea hapo mpaka mwaka huu hawakufika tena hatua hii ya nusu fainali.

Usiku wa leo kuamkia Jumatatu, saa tisa na dakika zake, tunaanza na Toronto Blue Jays wa Canada, wa kwanza kushinda mechi nne ndo anakwenda fainali ya dunia. Barazani wameniuliza, je hao mnawachukia kama sie na Yanga? Nikashindwa kujibu. Yankees nawachukia bila kufundishwa, jina lenyewe linatosha. Houston Astros nawachukia kwa sababu ndo wanatusumbua kila mwaka kwenye kundi letu na 2017 walichukua kombe huku wanaiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, anampa mrushaji wake, wakagonga pipa la taka kumwambia mpigaji mpira gani unakuja. Pipa la taka, wallahi! Lakini Toronto? Hao Yankees si Toronto ndo waliowatoa wiki hii, 10-1, halafu 13-7, nilikuwa nashangilia peke yangu kama mwehu.

Ila nimekaa nikatafuta huyo blue jay ni ndege gani. Kumbe ukoo wake mmoja na kunguru. Hapo nikaelewa kila kitu.

Sie watu wa Unguja kunguru tunamjua. Hakuvamii. Anakaa ukutani anakutazama, ukigeuka kadonoa mkate, ukimfukuza anaruka hatua mbili anarudi, anadonoa tena. Ndo wapigaji wa Toronto hao. Timu nyingine siku hizi kila mtu anataka kuupiga mpira utoke nje ya uwanja, akikosa mara tatu anarudi kukaa, sisi wenyewe ndo mchezo wetu huo. Hawa hapana, msimu huu hakuna timu iliyotolewa patupu mara chache kama wao. Wanaugusa tu, huyu kadonoa, yule kadonoa, ghafla unaangalia ubao, wana pointi tano.

Na katikati ya kundi yupo Vladimir Guerrero Jr., kijana wa miaka 26 waliyempa mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka 14, Yankees aliwafanya alivyotaka. Nafuu yetu mpigaji wao mwingine, Bo Bichette, hayupo, goti. Lakini yupo George Springer. Huyu ndo nisiyemtaka kumuona. Alikuwemo kwenye ile Astros ya pipa la taka, tena fainali ile akawa mchezaji bora, leo ana miaka 36 watu washamzika, mwaka huu kafufuka na homurani 32, yaani mipira ya kutoka nje ya uwanja. Mtu wa namna hiyo kunguru mzee, anajua saa ya kushuka.

Na sie si wanyonge. Cal Raleigh mdakaji wetu kapiga homurani 60, hakuna mdakaji aliyewahi kufika huko (jina lake la utani linahusu makalio, sitolitaja, mama mkwe anasoma hapa). Josh Naylor mzaliwa wa kule kule Canada, anakwenda kuwapiga mbele ya shangazi zake. Na 2022 pale pale Toronto tulikuwa tumefungwa 8-1 tukashinda 10-9 tukawatoa, nna hakika hawajasahau, na hilo nalo linanitisha kidogo.

Kinachonikosesha raha ni warushaji wetu. Ile mechi ya iningi 15 ilikula kila mtu, Kirby kaanza, Gilbert na Castillo ambao kazi yao ni kuanza mechi wameingizwa kuziba, kwa hiyo leo anarusha Bryce Miller ambaye Jumatano tu alikuwa uwanjani, mkono haujapoa. Wao wana Kevin Gausman kapumzika. Mimi nikipata moja kati ya hizi mechi mbili za mwanzo za kule Toronto nitashukuru, kisha waje Seattle, ingawa huko nako wakanada wanashuka kwa magari kutoka Vancouver wanajaza majukwaa yetu na jezi za buluu, unafungua simu hujui mwenyeji nani.

Sasa balaa. Ile kapelo nilikuwa nayo kichwani iningi zote 15, nikasema haifuliwi mpaka tutolewe. Nimerudi adhuhuri nakuta mama Salma kaifua. "Si ilikuwa inanuka jasho, baba Salma." Nikanyamaza, nitamueleza nini. Ipo kwenye kamba ya nguo inachuruzika, mawingu ya vuli yameshajikusanya upande wa Chwaka, na gari la kampeni linapita na spika tangu saa nane. Na kunguru mmoja katua ukutani, kaigeuzia jicho.

Nimetoa kiti nje. Nakaa hapa hapa mpaka ikauke.