Nimelala Mji Mkongwe siku nne, nimerudi na tembe la bibi kichwani

Nimerudi Dodoma juzi usiku na mpaka leo nikifumba macho nasikia zile ngazi za mbao zinavyolia, naandika sasa hivi kabla sijasahau, maana watu ofisini wananiuliza "vipi bahari?" na kila nikianza kuelezea bahari najikuta nimeshahamia kwenye nyumba tuliyolala.

Tulienda mimi na mdogo wangu wa kike. Treni ya SGR ya asubuhi mpaka Dar, tukalala kwa shangazi Temeke, kesho yake feri ya Zanzibar. Mwezi wa saba upepo wa kusi unavuma bahari haijatulia, yale masaa mawili mdogo wangu kayamaliza kafumba macho kanishika mkono. Aliyepanda feri msimu huo anajua, siendelei.

Nyumba yenyewe iko ndani ndani huko mtaa wa Malindi, ghorofa tatu, ya familia, mwenyewe ni mama mtu mzima anapangisha vyumba sita tu, kulala na staftahi asubuhi. Kijana aliyetupokea bandarini alitupitisha vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, nikawa nahesabu kona nikaacha kwenye ya tisa. Alafu tukasimama mbele ya mlango. Jamani ule mlango! Mzito, umechongwa mpaka juu kwenye tao, maua, minyororo pembeni, misumari mikubwa ya shaba imejipanga, na katikati ule mti wanauita mfaa nao umechongwa mwanzo mwisho. Bi Mkubwa mwenye nyumba (ndo wote wanavyomwita pale, na sisi tukafata) alituambia milango yenye tao na maua mengi hivi ni ya mtindo wa Kihindi, ile ya Kiarabu ya zamani juu yake imenyooka. Nyumba ni ya enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, mfanyabiashara wa Kihindi alikaa humo kwanza, chini duka juu familia.

Tukampa shikamoo, akaitikia, akatuuliza sisi wenyeji wa wapi. Nikasema Dodoma, Wagogo. Akanyamaza kidogo akanishika bega akasema, "Basi wanangu mmekuja kuzitazama pembe zenu. Zilipita kwenu, zikaishia kwenye milango hii."

Nilisimama pale na begi mgongoni sikujua nijibu nini. Shuleni tumesoma misafara, Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora mpaka Ujiji, tumesoma watemi wetu walivyokuwa wanatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila msafara unaotaka maji na njia, hata Stanley alipopita 1871 akimtafuta Livingstone alilipa. Lakini nilivyosoma ni kama vile ile njia ilikuwa inaanzia na kuishia kwenye ramani ya kitabu. Sikuwahi kujiuliza zile pembe za ndovu zikifika mwisho zinakuwa nini. Zinakuwa nyumba. Zinakuwa huu mlango ambao kwa siku nne nimekuwa naufungua na kuufunga nikienda kununua maji. Na sio pembe tu, walipita na watu, kesho yake tulienda Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lilifungwa 1873, tukashuka kwenye vile vyumba vya chini vyenye dari ya kukuinamisha, mdogo wangu akatoka mapema akakaa nje kwenye ngazi, na mimi sikumfata kumuuliza kitu, nilimpa muda wake.

Nirudi kwenye nyumba.

Chumba chetu kilikuwa kirefu chembamba kama behewa. Kwanza nikadhani wamekigawa ili wapate vyumba vingi, kumbe ndo kilivyojengwa tangu mwanzo. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi urefu unaoutaka, unakupa kama mita 2.5 mpaka 3 hivi basi, kwahiyo upana wa chumba unaamuliwa na mti, wewe unaamua urefu tu. Kitanda ni samadari, kile cha zamani kilichoinuka, na neti yake. Kuta nene, mawe ya matumbawe na chokaa, dirisha lina kina kirefu kiasi kwamba mdogo wangu alikuwa anakaa mle ndani na miguu yake yote anachati. Feni lipo lakini usiku wa kwanza tulilizima, hewa ya pale ndani inatosha yenyewe.

Nikiwa nimelala naziangalia zile boriti ndo bibi akanijia. Maana bibi yangu kule Bahi alikuwa na tembe, ile nyumba yetu ya Kigogo, na tembe nalo liko hivohivo, upana wake ni miti uliyoipata porini. Kuta za miti na udongo, paa la bapa, miti imelazwa, juu matawi, juu tena udongo umeshindiliwa, vyumba vimezunguka ua na ng'ombe wanalala katikati. Juu ya paa bibi alikuwa anaanika mtama na maboga, sisi watoto tukipanda tunafukuzwa. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma ikipiga baridi yake mle ndani kuna joto, na mwezi wa kumi nje jua linachoma mle ndani pamepoa kama ndani ya mtungi. Mwaka 2008 tukalibomoa. Mimi mwenyewe nilichangia hela ya bati. Tulikuwa tunaona aibu, nasema ukweli, watu walikuwa wanasema familia hii ina watoto wamesoma na mama yao bado yuko kwenye tembe. Bibi hakubisha. Aliingia nyumba mpya ya tofali na bati na mwezi wa kumi akawa anashinda chini ya mti mpaka jioni.

Asubuhi adhana zinaanza huku zinajibiwa kule, alafu harufu ya hiliki inapanda ngazi. Staftahi inaliwa juu kabisa, kwenye paa. Vitumbua, mbaazi za nazi, mkate wa ufuta, chai ya viungo, na unaona mapaa yote ya bati yenye kutu, minara, ile miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, na bahari nyuma. Mbaazi za nazi nilikula siku zote nne na nimeomba mapishi.

Ni hapo juu Bi Mkubwa alikuwa anakuja kukaa na sisi akimaliza kazi. Kila baada ya masika anaita fundi, na ugomvi wake mkubwa ni saruji. Mafundi vijana wanataka kuziba nyufa na saruji maana ni haraka, na yeye hataki kusikia, anasema ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unyevu ukipanda unatoka, ukipaka saruji unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'aa. Chokaa kinachomwa kwa mawe ya matumbawe kwenye tanuri la kuni, kazi ya siku nyingi, na wanaoijua wanapungua. Watoto wake wamemwambia auze, wapo wanaokuja na bei nzuri. Nikamuuliza kwanini hauzi. Akasema nyumba isiyolaliwa inakufa, ndo maana anaweka wageni, hela ya wageni inageuka chokaa. Ni kweli nilivyoona, hana gari, hana kitu cha anasa, ila ana boriti mpya nne kwenye ghorofa ya pili na alitupeleka kuzishika.

Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 lakini heshima peke yake haizuii mvua. Jioni ya tatu tulienda Forodhani kula urojo na juisi ya miwa, na pale mbele ndo ilipo Beit el Ajaib, jumba alilojenga Barghash 1883, la kwanza kuwa na umeme Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja na mnara wa saa viliporomoka, watu 2 wakafa, na ilikuwa kwenye matengenezo. Bi Mkubwa alilia siku ile. Akatuambia akarudi nyumbani akaanza kugonga kuta zake moja moja kwa kidole akisikiliza.

Siku ya kuondoka tulikunywa kahawa barazani kwa jirani, muuza kahawa mzee akiosha vikombe akasikia tunatoka Dodoma akatupa "Mbukwa!", salamu yetu ya Kigogo, safi kabisa, kumbe aliwahi kufanya kazi huku zamani. Mdogo wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mkunazini, tukaongezewa kashata.

Nikiwa kwenye treni nimempigia baba mdogo Bahi nikamuuliza lile tembe la bibi miti yake ilienda wapi. Akasema mingi ilikuwa kuni, ila nguzo tano zimeshika zizi la mbuzi mpaka leo na hazijaliwa na mchwa, na ukisimama pale nyuma mistari ya kuta bado inaonekana chini mvua ikinyesha. Kuna mzee jirani bado anajua kulaza paa la tembe, ila macho yameanza kumsumbua, amesema kama nia ipo tusichelewe. Jumamosi naenda, nimeshanunua kamba ya kupimia.