Ile harufu ya samaki jikoni kwa mama haikua samaki

Mbukwenyi wote. Wiki hii nimefunga meza yangu ya ufundi pale Majengo siku mbili nzima sababu ya soketi moja ya jikoni kwa mama, nimeona niandike mana naamini kuna nyumba nyingi hapa Dodoma zina tatizo hilihili sa hivi na wenyewe hawajui.

Ilianza hivi. Mama anakaa Nkuhungu, na mnaijua baridi ya mwezi wa saba ya huku, usiku inashuka mpaka nyuzi 13, 14, hafu na ule upepo. Kwa iyo asubuhi anachemsha maji ya kuoga na birika la umeme, anajaza, anamimina kwenye ndoo, anajaza tena, mara tatu mara nne mfululizo, akimaliza mjukuu nae anataka yake. Siku hiyo kanipigia simu tunasalimiana tu, akasema, "Mwanangu, huyu jirani siku hizi anakaanga samaki alfajiri?" Nikamjibu labda wamepata perege wa Mtera. Siku ya tatu akasema harufu ipo tena na jirani mwenyewe kasafiri. Hapo nikashtuka kweli, mana plastiki ya soketi au plagi ikikaa kwenye moto muda mrefu, kabla haijaanza kutoa moshi, mara nyingi inanuka kama samaki aliyeanza kuharibika, mafundi tunaijua iyo harufu. Nikamwambia mama usiguse plagi, nenda kazime meni swichi, nakuja.

Nafika, plagi haitoki. Imegandiana na soketi. Nimeivuta kwa nguvu ndo ikatoka na kipande cha plastiki, pini moja imekua nyeusi kabisa. Kufungua soketi nakuta skrubu ya waya wa laini (ule unaoleta umeme) imebana ganda la waya badala ya kubana shaba, shaba yenyewe imegusa tu pembeni, na ganda limekauka limekua kahawia ukilishika linavunjika kama biskuti. Iyo soketi ilifungwa mwaka jana na fundi aliyelipwa hela yake yote. Dakika mbili zaidi za kumenya waya vizuri na kukaza skrubu zingetosha. Niliumia sana, mana chumba cha pili yake ndo wanalala watoto.

Mama akaniuliza swali ambalo nadhani wengi mnalo: "Sasa mbona breka haikukata?"

Sikilizeni hapa mana ndo kiini chenyewe. Birika lake ni la wati 2000, umeme wetu volti 230, ukigawanya unapata kama ampia 8.7. Breka ya soketi ni ya ampia 20, fyuzi ya ndani ya plagi ni 13, kwa iyo kwa macho yao kila kitu kipo salama, breka na fyuzi kazi yake ni kuangalia ampia tu, haina pua ya kunusa kiungo kibovu. Sasa yule Muingereza James Joule alishaonyesha mwaka 1841 kwamba joto kwenye waya ni ampia mara ampia mara ukinzani, yaani ule ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Tuseme pale kwenye skrubu iliyolegea kuna ukinzani wa nusu omu tu, kitu kidogo mno. 8.7 mara 8.7 ni kama 76, nusu yake ni wati 38. Pasi yangu ya kulehemu pale mezani ni ya wati 40 na ndo nayoyeyushia lehemu kila siku. Yaani mama alikua na pasi ya kulehemu inawaka ndani ya ukuta kila anapochemsha maji, na birika linachemka kama kawaida mana limepoteza volti 4 tu, huwezi kuona tofauti.

Na ndo mana mtu anabisha, "mbona hapohapo nachaji simu usiku kucha hapapati moto?" Chaja ya simu inavuta kama ampia 0.1, fanya hesabu ileile, unapata wati 0.005. Kiungo ni kilekile kibovu ila chaja haiwezi kukisema. Anayekisema ni birika, pasi ya nguo, jiko la koili, hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, vitu vyote vya kupasha moto. Ampia zikiongezeka mara mbili joto linakua mara nne, zikiongezeka mara tatu linakua mara tisa. Hafu likianza halirudi nyuma, mana moto unaifanya shaba iote utando mweusi, chuma cha soketi kinalegea kisibane pini, ukinzani unapanda, joto linapanda, kesho asubuhi mbaya kuliko leo.

Kitu kingine ambacho watu wengi wanachanganya ni wati na umoto. Hizo wati 38 ukiniwekea kwenye amplifaya yenye hitisinki (bati la kupoozea) kubwa ya alminiamu, mapezi yake yako wazi upepo unapita, inakua ya moto kiasi ila mkono unavumilia. Wati zilezile kwenye ncha ndogo ya pasi ya kulehemu zinapita nyuzi 300. Joto ni lilelile, kinachobadilika ni njia ya kutokea. Na ndani ya kiboksi cha soketi kilichozibwa na plasta halina pa kwenda kabisa.

Vijana wanaoniletea vichaja vyao vya sola mtanielewa. Una betri ya volti 12, unataka 5 za simu, unaweka 7805, kile kidude kidogo cha miguu mitatu cha kushusha volti, tupu bila hitisinki. Volti 7 zinazobaki zote zinageuka joto, simu ikivuta ampia 1 izo ni wati 7, na iyo 7805 ikiwa peke yake kila wati inaipandisha kama nyuzi 65 juu ya joto la chumba. Wati 2 tu ishafika pabaya. Inajizima yenyewe kujiokoa, ikipoa inawaka, mnakuja kuniambia fundi hii ni feki. Sio feki, ipe bati la kupoozea.

Sasa huku kwetu adui mkubwa ni vumbi. Laptopu za wanafunzi nazofungua, feni ya ndani imevaa vumbi jekundu kama blanketi, hewa haipiti, ile pesti ya kati ya prosesa na hitisinki imekauka kama udongo wa kiangazi, na mwenye nayo anaitumia kitandani juu ya godoro amejifunika shuka sababu ya baridi, matundu ya chini yamezibwa yote. Na wamama zangu, kile kitambaa kizuri cha kufuma mnachofunika redio na dekoda, najua mnazuia vumbi na kinapendeza, ila kikiwa kinafunika matundu wakati kitu kimewashwa mnakinyima pumzi. Funikeni mkizima.

Kwa mama nilikata waya ule ulioungua mpaka nikafika shaba inayong'aa, nikamenya upya, soketi mpya, skrubu nikakaza hafu nikavuta waya kwa mkono kuona kama unacheza. Plagi ya birika nayo nimebadilisha, mana ukiweka plagi iliyoungua kwenye soketi mpya inaiharibu na iyo mpya. Hafu tukachemsha mabirika manne mfululizo, tukazima swichi ya soketi, tukachomoa, nikamwambia mama ashike mwili wa plagi, sio pini. Vuguvugu kidogo tu. Sa hivi anafanya hivyo kila asubuhi, akikuta ya moto ya kumfanya atoe mkono ananipigia. Kama we sio fundi usifungue soketi, zima tu usiitumie, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati, na simama pale umwangalie anavyokaza.

Jumamosi naenda Ipagala kwa dada yangu. Ana presha kuka ya umeme, kaichomeka kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, na waya uliobaki kauviringisha vizuri kauficha nyuma ya kabati, mita kama tano zote zimelaliana zinapashana moto. Nimemwambia asiiwashe mpaka nifike.