Kubipu ruta ya Bagira: kumbukumbu za mradi wangu

Ruta yenyewe ni Cisco 1841 ya mitumba. Imekaa ndani ya kabati la chuma nyumbani kwa shangazi, Bagira juu, na kutoka pale ndipo ninapowagawia intaneti ndugu na majirani tisa. Mimi naishi Nguba. Mwezi uliopita, nikiwa sebuleni kwangu, niliandika sheria moja ya kuchuja anwani vibaya, nikabonyeza kitufe, na ruta ikanifungia nje mimi mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Bukavu, inayogeuza njia kuwa mto. Nikapanda pikipiki hadi Bagira na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki, nikachomeka kebo ya buluu, nikafuta mstari mmoja, nikarudi. Saa tatu nzima kwa mstari mmoja.

(Najua. Ningeandika kwanza reload in 10, ruta ingejiwasha upya baada ya dakika kumi na mipangilio ya zamani. Sikuandika.)

Hapo ndipo nilipoamua: ruta ile lazima iwe na mlango wa nyuma, mlango usiopitia mtandao wenyewe. Watu wa zamani walikuwa nao. Walifunga modemu (kifaa kinachogeuza data kuwa mlio wa simu) kwenye laini ya simu, upande wa pili wa modemu ukaingia ruta, na mtandao ukifa unapiga simu tu.

Wiki ya kwanza: mezani

Nina modemu mbili za US Robotics za 56K, nilizipata zamani siberi moja (duka la intaneti) ilipofunga na kuuza vitu vyake. Laini ya simu ya waya mtaani kwangu hakuna. Waya za shaba zilishabaki historia. Lakini modemu mbili zinaweza kuongea bila ofisi ya simu katikati. Unaunganisha waya mbili moja kwa moja, na katikati ya waya mmoja unaweka betri ya volti 9 na kizuizi cha kama ohmu 300, ili zidhani ziko kwenye laini hai. Upande mmoja unaiamuru modemu X1, yaani isisubiri mlio wa kupiga, kisha ATD, yaani piga. Upande wa pili ATA, yaani pokea.

Zikalia! Mke wangu akatoka jikoni kuuliza ni mnyama gani. Zikashikana kwenye biti 31200 kwa sekunde. Usishangae kwamba si 56K: kasi ile inahitaji upande mmoja uwe wa kidijitali, kama walivyokuwa nao watoa huduma. Modemu mbili za analogi haziwezi kupita 33600.

Furaha haikudumu. Nilipofunga modemu moja kwenye ruta ya majaribio, ilifanya kituko ambacho bado nakicheka. Ruta ilituma maneno ya kuomba jina la mtumiaji. Modemu, kwa kuwa haikuwa kwenye simu, ikadhani imepewa amri, ikarudisha herufi zilezile kama mwangwi. Ruta ikazipokea kama jina la mtumiaji, ikaomba neno la siri. Modemu ikarudisha na hilo pia. Ruta ikakataa, modemu ikarudisha hadi kukataliwa kwenyewe. Wakaendelea hivyo, viziwi wawili wakigombana, taa zikipepesa hadi nilipochomoa kebo. Dawa yake ni amri mbili: E0 kuzima mwangwi, Q1 kuzima majibu ya modemu. Halafu &W ili ikumbuke hata umeme ukikatika, maana hapa umeme utakatika.

Kosa la pili halikuchekesha. Nilipiga, nikaingia kama msimamizi, kisha nikang'oa waya ghafla ili kuiga laini iliyokatika. Nikapiga tena. Ruta haikuniuliza chochote. Nilikuwa ndani tayari, na haki zote. Yaani yeyote angepiga baada yangu angekuta mlango wazi. Ruta haikujua kwamba simu imekatika, kwa sababu kebo ya konsoli (ile ya buluu, ya kuongea na ruta ana kwa ana) haibebi ule waya wa ishara unaosema "mwenzako ameondoka". Tundu jingine la ruta, AUX, linaubeba, na kwenye modemu ndiyo kazi ya &C1 na &D2. Lakini mkosaji mkubwa nilikuwa mimi: zamani, kwa uvivu, niliweka exec-timeout 0 0 ili isinitoe nikienda kunywa chai. Kiwandani wanaiacha dakika 10. Sasa nimeweka 5.

Wiki ya pili: simu haibebi mlio

Nikaazima kale kasanduku kanakopokea laini ya simu ya mkononi na kutoa tundu la simu ya mezani. Nikafunga modemu hapo. Zikapigiana, zikalia, hazikuelewana hata mara moja. Nikapunguza kasi hadi 2400, wapi.

Nilijilaumu nusu siku kabla ya kukumbuka. Simu ya mezani ya kidijitali inabeba sauti kwa biti 64,000 kwa sekunde, karibu kama ilivyo. GSM, mtandao wa simu za mkononi, inaibana hadi 13,000, na inaibana kwa kuwaza kwamba anayeongea ni binadamu: koo, pumzi, midomo. Mlio wa modemu hauna koo. Unaingia mlio, unatoka uji.

GSM ina njia yake halali, simu ya data ya 9600, isiyopita kwenye kubana sauti. Bodi yangu ya SIM900, modemu ndogo inayotumia laini ya simu ya mkononi, inaijua. Nikaandika AT+CBST=7,0,1, nikapiga. NO CARRIER, yaani simu haikushikana. Nikabadilisha laini ya kampuni nyingine: NO CARRIER. Nikauliza dukani kwao kama wanaweza kuniwashia. Yule dada akaniuzia megabaiti. Nikaziacha, nikalala.

Wiki ya tatu: bip

Wazo lilinijia mdogo wangu aliponibipu ili nimpigie. Huku kila mtu anabipu: simu inalia mara moja, inakatwa, hakuna aliyelipa, na ujumbe umefika. Basi na ruta ibipiwe!

Mpango ni huu. SIM900 inakaa Bagira, imefungwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Pi hiyo hiyo imeshika konsoli ya ruta kwa ile kebo ya buluu na adapta ya USB, 9600, biti 8, bila pariti. Nikibipu, bodi inaandika RING, na kwa kuwa nimewasha AT+CLIP=1 inaandika na namba inayopiga. Programu yangu fupi inalinganisha namba. Si yangu? Inanyamaza. Ni yangu? Inakata kwa ATH, inapiga ATD*99# kuingia data ya simu, kisha inafungua njia ya SSH, iliyofichwa wengine wasiisome, kuelekea seva ndogo ninayoikodi. Mimi naingia seva, narudi nyuma kupitia njia ile, nakutana na konsoli. Nusu saa baadaye inajifunga.

Kwa nini Pi isisubiri tu nje, niiingilie moja kwa moja? Kwa sababu kampuni za simu zinaipa anwani ya ndani isiyofikika kutoka nje. Lazima yenyewe ndiyo itoke kuja kwangu. Kuiacha wazi saa 24 nako ni kula megabaiti bure.

Na namba ya mpigaji si neno la siri. Inaweza kughushiwa. Mtu akiighushi atakachopata ni kunichomea megabaiti kidogo, kwa sababu njia inaelekea kwenye seva yangu tu, na huko kuna ufunguo, na ruta bado inauliza neno la siri.

ATH, ATD: lugha hii iliianzisha kampuni ya Hayes na modemu yake, Smartmodem, ya mwaka 1981. Bodi yangu inayoshika mnara wa simu bado inaitii.

Wiki ya nne: Bagira

Siku ya kwanza ilikataa kabisa. Kila nilipobipu, bodi ilizimika na kujiwasha. Bodi hizi, zikituma, zinavuta mikupuo mifupi ya umeme inayofika ampea 2, na mnara ukiwa mbali ndiyo zinapiga kelele zaidi. Waya wangu mwembamba wa mita mbili haukuweza. Nikaufupisha, nikaweka mnene, nikachomelea na kapasita ya mikrofaradi 2,200 karibu kabisa na bodi. Kimya.

Halafu kabati. Ndani yake AT+CSQ, amri ya kupima nguvu ya mtandao, ilitoa 7. Nikaitoa antena hadi dirishani, 19. Kabati la chuma, na mimi nimefungia redio ndani. Hata mtoto angejua.

La mwisho lilikula jioni nzima: umeme ukirudi, bodi iliita lakini haikuandika chochote. Kumbe ikiwaka hukaa inajitafutia kasi ya kuongea hadi isikie AT ya kwanza. Nikaipigilia msumari kwa AT+IPR=9600 na &W.

Jana usiku saa nne mtandao ulikufa kweli. Nikabipu. Nikahesabu, sekunde kama arobaini, njia ikafunguka. Kwenye 2G unaandika neno, unakunja mikono, linajitokeza. Tundu moja la ruta lilikuwa limezimika. Nikaliamuru lijizime na kuwaka, haikusaidia, nikampigia mzee wa zamu, mlinzi wa pale Bagira.

"Papa, ile sanduku nyeupe chini ya mlingoti, taa yake iko inawaka?"

"Iko inawaka, mwana, lakini iko inakonyeza kama mutu wa usingizi."

"Chomoa waya wake, hesabu mpaka kumi, rudisha."

Akahesabu kwa sauti, taratibu, nikamsikia hadi kumi. Kwenye skrini yangu mstari ukatokea, herufi kwa herufi: line protocol is up, yaani laini imerudi.

Kilichobaki: laini isiyotumika hufungwa, kwa hiyo nimempa Pi kazi ya kunitumia ujumbe mmoja kila tarehe 1, na mzee wa zamu namna ya kuongeza salio. Yeye anaiita "simu ya ruta", na ameniomba namba yake.