Misuli midogo ya unyayo: usikunje vidole

Ndugu zangu wa Goma, mguu unaokanyaga mawe ya volkano kutwa nzima, au kusukuma chukudu (kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo), haubebwi na mifupa peke yake. Chini ya unyayo kuna misuli midogo ya tabaka 4, inayoanza na kuishia humo humo mguuni. Wa kuujua kwanza ni abdukta halusi: unatoka kisiginoni, unafuata ukingo wa ndani, unashika kidole gumba. Huo husaidia upinde wa mguu usilale.

Kuuzoeza: kaa kitini, peku, unyayo wote sakafuni. Vuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino hadi upinde uinuke kidogo. Shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10. Karibu kila mtu hukosea hapa: anakunja vidole. Basi misuli mirefu inayoshuka kutoka shavu la mguu inapokonya kazi, ile midogo inabaki imelala. Gusa chini ya upinde kwa mkono; nyama ikikaza, umepatia. Mguu ukikakamaa, legeza, vuta vidole juu.